Doa la chokaa kwenye gego la mwanangu

Haya jamani, nimepotea humu wiki kadhaa, msimu wa korosho umeanza na mnajua sisi mawakala wa miamala msimu ukianza hatupumui, mtu kalipwa Tandahimba asubuhi mchana yuko kwangu anataka kutoa zote, foleni mpaka barabarani na kila mtu ana haraka kuliko mwenzie. Ila leo umeme umekatika, simu ya kazi imezima chaji, nimefunga zangu mapema nimekaa kibarazani naandika kwa hii nyingine yenye kioo kilichopasuka kuhusu kitu ambacho sikuwahi kuota kama ntakiandikia. Meno.

Ilikuwa mwezi wa sita. Mwanangu wa kwanza, ana miaka saba, kalala chali mkekani namkata kucha na yeye anacheka maana ana mtekenyo mpaka kwenye kucha, mdomo wazi kabisa, nikaona kwenye gego la chini la nyuma, upande wa shavuni karibu na ufizi, kuna kidoa cheupe. Sio weupe wa jino, weupe wa chokaa, kama mwalimu kamgusa kwa kidole chenye chaki. Nikavuta shavu, nikapangusa na pindo la kanga, doa likazidi kujitokeza. Akafunga mdomo, akafungua, mate yamelowanisha, doa halipo. Nikapangusa tena, lipo. Tukacheza huo mchezo kama mara nne hivi mpaka akachoka akaniuliza mama vipi kwani.

Na lile gego ni jipya! Ndo lile linaloota kwenye miaka sita hivi nyuma ya meno ya utoto yote, halisubiri jino lingine ling'oke kwanza, kwa hiyo wazazi wengi hatujui kama limeota, tunadhani ni la utoto litang'oka tu. Halitang'oka, ndo hilo mpaka uzeeni.

Sasa mi na madaktari wa meno tuna historia. Miaka miwili nyuma nilikuwa na gego langu linawasha nikinywa kitu cha baridi, sio maumivu ya kulia, linawasha tu. Kabla ya kwenda popote nikasikiliza ushauri wa mtaani, mzee mmoja pale jirani na banda langu, shikamoo yake naiheshimu sana lakini ushauri wake hapana, akaniambia chukua ganda la korosho mbichi, lile maji yake tia kwenye tundu, mdudu anakufa hapo hapo. Nikatia. Wenzangu wa Kusini mnajua yale maji ya ganda yanavyofanya kwenye ngozi, wanaobangua kwa mkono mnawaona vidole vyao. Mdomo wa chini ulibabuka nikatembea na mtandio usoni wiki nzima kama mwari, na jino likaendelea na kazi yake. Na mdudu hakuna, naomba tuelewane hapo, hakuna funza wala mdudu anayetembea ndani ya jino, ni bakteria, hawaonekani kwa macho.

Baada ya hapo nikaenda kwenye kituo kimoja (sikitaji, tunaishi mji mdogo huu), mtu hata taa hakuwasha vizuri, kaangalia sekunde mbili, "ng'oa". Ganzi, koleo, pamba, nimelipa, nimeondoka. Nusu saa nzima. Hakuna aliyeniambia kama kulikuwa na njia nyingine. Mpaka leo ulimi wangu unaenda kwenye lile pengo wenyewe nikiwa nahesabu hela.

Kwa hiyo nilivyompeleka mtoto safari hii, hospitali tofauti, nimeingia nimekunja uso tayari. Dokta mwenyewe binti mdogo, nadhani ananiita dada tukikutana sokoni. Kampandisha mtoto kwenye kiti, kapuliza lile jino kwa kile kibomba cha hewa mpaka likakauka kabisa, katazama muda mrefu.

"Mama, hili bado halijatoboka."

"Kwa hiyo unang'oa?"

Akanitazama. "Sing'oi kitu. Wala sizibi. Hili linarudishika."

Linarudishika. Yaani nimefika umri huu sijawahi kusikia kuwa jino linaloanza kuoza linaweza kurudi nyuma. Mi nilikuwa najua jino likishaanza ni mteremko tu mpaka kwenye koleo.

Akanieleza, na mi nawaeleza kwa namna nilivyoelewa. Ile ngozi ngumu ya juu ya jino, enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kama asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu, kalsiamu na fosfeti zimejipanga kwenye fuwele ndogo ndogo zimebanana. Ila haina uhai. Chembe hai zilizoijenga zinakufa jino likishaota, kwa hiyo haina mtu wa kuijenga upya kama mfupa uliovunjika unavyounga. Sasa wewe ukila kitu chenye sukari, ule ukoga laini uliokaa juu ya jino una bakteria, wanaila ile sukari na wanatoa asidi, na asidi inayeyusha yale madini yanatoka kidogo kidogo. Yakitoka mengi bila kurudi, chini ya uso wa jino panakuwa na vitundu vitundu visivyoonekana, mwanga ukipita pale unatawanyika, ndo ule weupe wa chokaa. Vitundu vikiwa na maji ya mate doa linafichika, vikikauka linatokea. Hapo ndo nikaelewa ule mchezo wetu wa kanga.

Sasa hapa ndo aliponikamata. Akasema mate nayo yana kalsiamu na fosfeti, na mdomo ukitulia mate yanayarudisha madini kwenye jino. Kila siku, mchana kutwa, jino linatoa na linapokea. Nikamwambia dokta, hiyo naijua mimi, hiyo ni chumvi.

Maana baba yangu amefanya kazi mashamba ya chumvi kule Lindi tangu sijazaliwa. Unafungulia maji ya bahari wakati wa bamvua yanaingia kwenye vidimbwi, unafunga, jua linapiga, maji yanapungua mpaka yanashiba chumvi, yakishashiba yenyewe yanaanza kuitema, unakuta asubuhi utando mweupe umejishika pembeni na kwenye kila kijiti kilichoangukia humo. Hakuna anayeitengeneza, maji yameshiba basi. Ila mvua ya ghafla ikinyesha kabla hamjakusanya, maji yanakuwa na njaa tena, yanaila chumvi yote mliyoisubiri wiki nzima. Baba alikuwa akisikia ngurumo mwezi wa kumi na moja anatoka nje na kikombe cha chai mkononi anasimama anaangalia mbingu hasemi na mtu.

Basi mate yakiwa hayana asidi yameshiba madini, yanalipa jino. Asidi ikiingia, pH ya pale kwenye jino (kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, mate yale yale yanakuwa na njaa, yanalikopa jino. Kila kipande cha kashata ni mvua. Dokta alicheka akasema ataiiba hiyo atawaambia wagonjwa wengine, nami nikamwambia iba tu.

Na kuna jamaa Mmarekani, daktari wa meno anaitwa Robert Stephan, miaka ya 1940 alipima hii kitu, aliwasukutuza watu maji ya sukari halafu akapima asidi kwenye utando wa meno yao. Dakika chache tu asidi imepanda juu kabisa, halafu inachukua nusu saa mpaka saa nzima hivi kurudi palipokuwa. Kwa hiyo ukila keki nzima kwa mpigo ni mvua moja. Ila ukinywa chai ya sukari fundo moja moja tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, hiyo ni masika isiyokatika, jino halipati hata nusu saa ya jua.

Nikanyamaza hapo. Kwa sababu mi kwenye banda langu nina chupa ya chai. Ya lita mbili. Sukari naweka mwenyewe nyumbani kabisa ili nisihangaike kazini, na nanywa kila mteja akiondoka. Na mtoto akitoka shule anakuja kukaa na mi pale, na yeye ana kikombe chake, na msimu ukiwa mzuri wateja wanamnunulia soda, biskuti, zile juisi za pakiti, "mpe mtoto huyu", nami nasema ahsante baba Mungu akuzidishie. Soda za kola, dokta anasema, pH yake ni kama 2.5 kabla hata bakteria hawajaanza kazi, kwa hiyo hapo una sukari na una asidi kwa bei moja.

Tena tusidanganyane na vitu vya asili. Mabibo yana sukari na yana ukali wake, ukwaju, ubuyu wa rangi ule wa kumung'unya ambao mtoto anaukalisha shavuni saa zima, embe mbichi la chumvi na pilipili. Sijasema msile, mi mwenyewe embe mbichi siachi. Nimesema msimung'unye kutwa. Na wale dada zangu mnaosugulia meno ndimu ili yawe meupe, nawaomba sana, mnayeyusha enameli kwa mkono wenu, yanang'aa siku mbili halafu yanaanza kuwa ya njano maana ile njano ni kitu cha ndani kinachungulia. Mkaa wa kusaga nao unakwangua.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, wa zamani hasa, chale usoni na meno ya mbele yamechongwa yana ncha kama ilivyokuwa desturi yao. Amekufa mzee sana na magego yake karibu yote. Ndugu zangu wanasema ni kwa sababu watu wa zamani walikuwa wagumu. Mi naona ni kwa sababu alikula ugali wa muhogo, kisamvu na samaki mkavu, na sukari aliiona siku ya wageni. Ila yale yaliyochongwa yalichongwa akiwa msichana na amezikwa nayo vile vile, hayakuota hata chembe. Hilo ndo nataka mlielewe, maana mitandaoni nimeona watu wanauza vitu eti vinaotesha enameli upya, vinaziba tundu bila daktari. Madini yanarudi kama kuta bado zimesimama. Doa linarudishika. Likishakuwa tundu ambalo hata ncha ya kijiti inaingia, hapo hakuna pa kushikia, ni la kuzibwa, usipoteze hela yako.

Sasa nini kinasaidia madini yarudi? Floraidi, yale madini yanayotiwa kwenye dawa ya meno. Hii haiongezi kalsiamu, ila ikiwepo kwenye mate hata kidogo inaharakisha kalsiamu na fosfeti kushika pale zilipotoka, na fuwele inayojengwa upya ikiwa na floraidi ndani inakuwa ngumu kuliko ya mwanzo, inavumilia asidi mpaka pH ya 4.5 hivi. Yaani pale palipokarabatiwa panakuwa pagumu kuliko pa kwanza. Hii ilinifurahisha sijui kwa nini.

Kuna atakayesema floraidi si ndo inayofanya watu wa Arusha na Moshi wawe na meno ya kahawia, mnawataniaga sana. Ndio, ni hiyo hiyo, kule maji ya ardhini kwenye baadhi ya sehemu yana floraidi nyingi mno, imepita kabisa ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linasema ndo mwisho, na mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajengwa ndani ya ufizi yanatoka na madoa. Tena ndo ilivyogundulika. Daktari mmoja Frederick McKay alifika Colorado Springs kule Marekani mwaka 1901 akakuta watu wengi waliokulia mji ule wana meno ya kahawia, kahangaika miaka mingi, akaona kitu cha ajabu kwamba yale meno mabaya hayaozi ovyo, na mwaka 1931 ndo ikajulikana ni floraidi ya kwenye maji. Kwa hiyo ni suala la kipimo. Chumvi kwenye mboga mbona tunajua.

Dokta alimpaka mtoto vanishi ya floraidi, kitu kama gundi ya njano hivi, kafuta jino, kapaka kwa kibrashi, kasema asile vitu vigumu siku hiyo na asipige mswaki mpaka kesho. Dakika mbili hazikuisha. Halafu akaniuliza tunavyopiga mswaki nyumbani, nikajidai, asubuhi kila siku dokta! Na jioni? Nikaangalia ukutani.

Kumbe usiku ndo kwenyewe. Ukilala mate yanapungua sana, kinywa kinakauka, kwa hiyo chochote ulicholala nacho kinakaa na jino mpaka alfajiri hakuna wa kulitetea. Nikakumbuka Ramadhani, tunakula daku, tambi za sukari na chai nzito, tunarudi kulala, tunaamka na mdomo kama gunia na mchana kutwa hatunywi maji. Tukiogopa mswaki wa mchana na dawa yake basi tupige baada ya daku kabla ya adhana, kuna tatizo gani hapo, muda upo.

Na jingine ambalo nilikuwa nafanya vibaya maisha yangu yote, nikishapiga mswaki nilikuwa nasukutua vikombe viwili vitatu vya maji mpaka ladha iishe. Akasema unatema tu, usisukutue, lile povu linalobaki ndo dawa yenyewe, ukisukutua umelipia dawa ukaimwaga kwenye karo. Wiki ya kwanza ilikuwa mtihani kwa kweli, nilikuwa najisikia kama sijamaliza kuoga. Sasa nimezoea. Dawa yenyewe angalieni nyuma ya tyubu, inatakiwa iwe na floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (yaani sehemu kwa milioni), nyingi huku dukani zinayo hata za bei ya chini, ila nimegeuza kadhaa zile zilizoandikwa za mitishamba nikakuta hazina kabisa. Mtoto chini ya miaka mitatu anawekewa kiasi cha punje ya mchele, miaka mitatu mpaka sita kiasi cha punje ya kunde, na mzazi unasimama hapo asimeze. Wanaotumia mswaki wa mti, ambao mi naupenda, unasafisha vizuri tu, ila hiyo floraidi hauna ya kutosha, chovyeni kwenye dawa. Na ukitoka kula kitu kichachu usikimbilie mswaki hapo hapo, uso wa jino umelainika, sukutua maji kwanza, acha kama nusu saa.

Kadada kake ka miaka mitatu nako nilikapeleka, meno ya mbele ya juu mawili yalikuwa yameshaanza kula, kosa langu, nilikuwa nakalaza na chupa ya uji. Hayo yana tundu tayari. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi inapakwa tu bila kuchoronga, inaua bakteria na kukausha uozo, Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ila palipooza panageuka peusi tii. Siku ile haikuwepo, tukasubiri, ikaja. Sasa binti ana vidoti viwili vyeusi akicheka, mama mkwe kaniuliza kama nampa mtoto sigara. Lakini halii tena akila, na meno ya utoto hayo yataondoka.

Mwezi wa tisa tumerudi na kaka mtu. Chupa ya chai banda bado ipo, nisiwadanganye, ila ya humo sasa haina sukari, sukari naweka kwenye kikombe kimoja saa nne na vitafunwa basi, na mwanangu akipewa soda anainywa na chakula anamaliza, hakuna kuitunza kwenye mfuko wa daftari. Wateja wengine walininunia, kuna mama mmoja wa Mikindani huwa anakuja kutoa hela ya samaki, kaonja chai akasema mwanangu, biashara imeyumba mpaka hivi? Nikamwambia hapana shoga yangu, ni mambo ya meno. Akaondoka anatikisa kichwa.

Dokta kapuliza tena lile gego. Kakausha, katazama, kapitisha kile kichuma chake taratibu juu ya doa. Nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Akaniita nisogee nione mwenyewe. Doa lipo. Halijafutika, na kasema huenda lisifutike lote, maana madini yakirudi yanashika zaidi juu juu, ndani panaweza kubaki na alama. Ila mwezi wa sita lilikuwa halina mng'ao, kama chaki, ukipitisha kichuma panakwaruza. Sasa linang'aa, kichuma kinateleza kama kwenye kigae. Kampaka vanishi nyingine, kasema turudi mwezi wa kwanza.

Mtoto kashuka kwenye kiti anauliza kama anaweza kula. Nikamwambia kitu laini. Tumetoka nje jua kali lile la saa saba, mpaka stendi ya bajaji anatembea kanyanyua mdomo na kidole kimoja anawaonyesha watu doa lake.